Gari Bovu, Deni Zima

Njia ya gari la mkopo ilifunguliwa na piano. Mwaka 1895 Baraza la Malordi mjini London liliamua kesi ya mfanyabiashara aliyempa mteja piano kwa shilingi 10 na peni 6 kwa mwezi. Walikuwa wamekubaliana kwamba mteja akimaliza miezi 36 piano ni yake, na kwamba kabla ya hapo anaweza kuirudisha siku yoyote na mambo yakaisha. Muda si mrefu mteja akaipeleka kwenye duka la rehani. Mwenye duka la rehani alidai ameipokea kihalali, lakini Malordi walimkatalia. Aliyekodi, walisema, hakuwa amenunua wala hakuwa amejifunga kununua. Piano ilibaki mali ya aliyeikodisha, na angeweza kuifuata popote ilipo.

Wakopeshaji waliisoma hukumu ile kwa makini. Walikuwa wamepata mkataba unaomfanya mteja alipe kama mnunuzi huku mali ikibaki yao hadi senti ya mwisho. Tena Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya 1893, iliyomwahidi mnunuzi bidhaa yenye ubora unaouzika, ilihusu mauzo. Na huku kukodi kwanza na kununua baadaye hakukuwa mauzo. Magari yalipoanza kujaa barabarani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkataba ulikuwa tayari unayasubiri.

Ulikuwa mkataba wa watu watatu. Mteja analichagua gari kwa muuzaji, muuzaji analiuza kwa kampuni ya mikopo, kampuni inamkodisha mteja. Gari likigoma, muuzaji anasema mimi niliiuzia kampuni, wewe sina mkataba nawe. Kampuni inasema sisi gari hatujawahi hata kuliona, tunachojua ni tarehe ya malipo. Walitaka kuwa wenye mali siku ya kunyang'anya, lakini siku injini inapokufa hawakutaka kujulikana kuwa ni wenye mali. Karne nzima iliyofuata naiona kama safari ndefu ya majaji na wabunge ya kuwafunga na jina walilojichagulia wenyewe.

Marekani walifika kwenye shida hiyohiyo kwa mlango mwingine. General Motors ilianzisha kampuni yake ya mikopo, GMAC, mwaka 1919, na kabla muongo wa 1920 haujaisha zaidi ya nusu ya magari mapya yalikuwa yakinunuliwa kwa mafungu. Huko mkopeshaji hakujifanya mmiliki. Alinunua karatasi ya deni kutoka kwa muuzaji. Sheria ya hati za fedha ilimlinda mtu aliyenunua deni kwa nia njema: malalamiko ya mnunuzi juu ya muuzaji hayakumhusu. Gari liwe bovu, muuzaji awe tapeli aliyefunga duka na kuhama mji, deni lilibaki zima.

Uingereza, aliyeanza kuwabana wakopeshaji ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, Ellen Wilkinson, mbunge wa Jarrow. Sheria aliyoipigania ikapita mwaka 1938. Ilisema mteja akishalipa theluthi moja ya bei, mali haiwezi kuchukuliwa tena bila amri ya mahakama. Ukomeshaji wa tabia ya kuvamia nyumba za watu na kubeba makochi ulikuwa ushindi wa kweli. Ila kwa magari sheria iliishia kwenye bei ya pauni 50, na gari la pauni 50 lilikuwa mkangafu. Kiwango kikapandishwa hadi pauni 300 mwaka 1954, na hadi 2,000 mwaka 1964. Aliyenunua gari la maana katika miaka ya katikati alibaki na kile kilichoandikwa kwa herufi ndogo na wakili wa kampuni.

Basi tuliangalie gari moja la wakati huo. Mteja alilikagua akaliona safi kabisa: Buick iliyotumika, yenye matairi mapya na redio. Mkopo ukaidhinishwa. Usiku mmoja gari likaletwa na kuachwa nje ya gereji yake, na alipolitazama akakuta limeletwa kwa kuvutwa. Matairi mapya yalikuwa yamebadilishwa kwa yaliyokwisha, redio imeng'olewa. Silinda hedi ilikuwa imefunguliwa, valvu zote zimeungua, pistoni mbili zimevunjika. Akakataa kulipokea na kukataa kulipa. Akafunguliwa kesi, akaonyeshwa kifungu kilichosema mwenye gari hatoi ahadi yoyote kwamba gari linafaa barabarani, wala juu ya umri au hali yake.

Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu mwaka 1956, na Jaji Denning akaandika kwa lugha yake ya sentensi fupi kwamba gari lisilotembea si gari lililoahidiwa, na hakuna kifungu kinachomruhusu mtu kuahidi kitu kimoja na kuleta kingine kabisa. Denning huyu ndiye aliyesikiliza, katika miaka hiyohiyo, kesi ya ushuru wa daraja la Nyali, Mombasa, ambamo alisema sheria ya Kiingereza ni kama mwaloni: huwezi kuupanda ugenini ukategemea ukue vilevile bila kuutunza kwa namna ya udongo wa huko. Maneno hayo tutayahitaji baadaye.

Magari mabovu yakaendelea kumiminika mahakamani. Mwaka 1961 likaja moja lililotumia saa moja na nusu kwenda maili tatu au nne. Breki, klachi na usukani vyote vilikuwa na kasoro. Lakini kesi iliyonivutia zaidi ni ya pikipiki. Ilikuwa mpya, imechukuliwa kwa mkataba wa kampuni ya mikopo, na iliharibika tangu mwanzo. Mwenyewe akairudisha kwa watengenezaji, ikarudi, ikaharibika tena. Alikuwa ameiendesha karibu maili 4,000 cheni ya nyuma ilipokatika, naye akasema basi. Kampuni ikadai kwamba mtu aliyeendesha maili zote hizo ameshaikubali. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo: mtu anayesubiri fundi amalize kazi hajakubali ubovu, anavumilia tu. Akarudishiwa fedha alizolipa, na usumbufu wake ukahesabiwa kuwa umelingana na manufaa aliyoyapata kwa kuiendesha.

Hapo ndipo mtego ulipomgeukia aliyeutega. Kwa kuwa kampuni ya mikopo ndiyo mmiliki na ndiyo iliyomkodisha mteja, ndiyo inayopaswa kujibu juu ya ubora. Sheria ya 1973 ikaliweka hilo wazi na kupiga marufuku kulikwepa kwa maandishi mbele ya mnunuzi wa kawaida. Mwaka uliofuata Sheria ya Mikopo ya Wateja ikaongeza kwamba maneno ya muuzaji wakati wa kushawishi yanahesabiwa kama maneno ya mkopeshaji. Hata pale ambapo mkopeshaji si mmiliki bali amelipia tu kwa mpango na muuzaji, kifungu cha 75 kilimfanya awajibike pamoja naye, mradi bei ya bidhaa, kwa viwango vilivyowekwa baadaye, imezidi pauni 100 bila kuvuka 30,000.

Marekani ilibidi ing'oe mlango wake mwenyewe. New Jersey mwaka 1960 mahakama ya juu ya jimbo ilishughulikia Plymouth mpya, zawadi ya Siku ya Mama, iliyopoteza usukani na kugonga ukuta ikiwa na maili 468 tu. Waranti ya watengenezaji ilikuwa ya siku 90 au maili 4,000, imechapwa nyuma ya karatasi, na ilihusu kubadilisha vipuri tu. Majaji waligundua kwamba karibu viwanda vyote vya magari vilitumia waranti hiyohiyo, kwa hiyo mteja asingepata nafuu hata angehama duka. Wakaibatilisha. Mwaka 1975 ikaja sheria ya shirikisho kuhusu waranti, na Mei 1976 kanuni ya Tume ya Biashara ikavunja kinga ya mnunuzi wa deni: kila mkataba wa mkopo wa mteja uwe na tangazo, kwa herufi nzito zisizopungua pointi 10, kwamba yeyote atakayeushika mkataba huu anabeba malalamiko yote ambayo mteja angeweza kumpelekea muuzaji.

Bado ilibaki hesabu ya subira. Fundi ajaribu mara ngapi? Connecticut ilijibu mwaka 1982, kwa muswada wa mbunge wa jimbo John Woodcock: mara nne kwa kasoro ileile, au siku 30 gari likiwa gereji. Likipita hapo, mtengenezaji alibadilishe au arudishe fedha. California ikafuata, na hatimaye majimbo yote, kila moja kwa namna yake. Chini ya sheria hizi mtengenezaji humlipa mkopeshaji deni lililobaki na mnunuzi alichokwisha kutoa, baada ya kukata thamani ya maili zilizoendeshwa.

Kurudi Uingereza, mwaka 1987 kulitokea kituko. Mtu alinunua Nissan mpya, injini ikafa baada ya wiki tatu na maili 140 hivi, kwa sababu ya tone la gundi ya kiwandani lililoziba njia ya oili. Jaji akasema amechelewa kuikataa. Kwa maneno mengine, aliyenunua moja kwa moja alikuwa na haki finyu kuliko mwenye pikipiki ya mkopo aliyeenda maili 4,000. Sheria ya Haki za Mtumiaji ya 2015 ndiyo iliyonyoosha mambo: siku 30 za kukataa bila masharti mengi, kisha nafasi moja tu ya matengenezo, na kasoro inayoonekana ndani ya miezi 6 inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo hadi ithibitishwe vingine. Mwenye gari la mkataba wa kukodi na kununua huandika malalamiko yake kwa kampuni ya mikopo, na isipomridhisha ndani ya wiki 8 hupeleka suala kwa Msuluhishi wa Huduma za Kifedha. Kusitisha malipo ya mwezi kwa hasira ndilo kosa linalowaponza wengi, maana mgogoro wa ubovu hugeuka mgogoro wa deni.

Afrika Mashariki ilirithi mbegu ya zamani. Kenya na Tanzania bado zina sheria za mauzo zilizonakiliwa kutoka ile ya 1893. Kenya ilipata Sheria yake ya ununuzi wa kukodi mwaka 1968, lakini theluthi moja ya Ellen Wilkinson iligeuka kuwa theluthi mbili: ukiwa hujafika hapo, mwenye mali hahitaji kwenda mahakamani kulichukua gari. Katiba ya 2010, ibara ya 46, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 zimeongeza haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili.

Hata hivyo magari mengi leo hununuliwa kwa mkopo wa benki, kutoka yadi iliyoyaleta yakiwa yametumika Japani. Benki huandikwa kwenye hati ya gari pamoja na mnunuzi ili kulinda fedha zake, ila yenyewe haikuuza gari wala kulikodisha. Gia ikianza kuteleza mwezi wa pili, mwenye gari huenda yadi, ambako ataambiwa gari aliliona na akaliendesha kulijaribu, na tarehe ya makato ikifika benki hukata. Mwaloni wa Denning huku umeota mizizi upande wa mkopeshaji; tawi la kumfunga na ubora wa gari, ambalo Uingereza ililipandikiza mwaka 1974, bado halijaletwa.