Mwanafunzi wa Vigae vya Chupa

Katika historia ya sanaa husifiwa aghalabu wale waliopata marumaru nzuri, dhahabu safi, rangi za thamani na matajiri wa kuwalipa. Sifa hiyo ni haki yao. Lakini iko sifa nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya wale waliokosa vitu hivyo vyote, wakaokota vilivyotupwa na wengine, wakaviunganisha. Na katika kuviunganisha wakagundua jambo ambalo mwenye marumaru hakulazimika kulitafuta. Mmoja wa watu hao alikuwa Josef Albers, Mjerumani, ambaye mwaka 1920 aliingia chuoni kama mwanafunzi akiwa na umri wa miaka 32, umri ambao wengi wamekwisha kuacha kujifunza.

Albers alizaliwa mwaka 1888 katika Bottrop, mji wa machimbo ya makaa ya mawe magharibi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba aliyejua na kazi nyingine nyingi za mikono. Upande wa mama yake walikuwako wahunzi. Mtoto alilelewa kati ya brashi na nyundo. Katika uzee wake alikuwa akieleza kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha kupaka mlango: fundi huanza katikati akatoka nje, ili rangi isimtiririkie wala mikono ya shati isichafuke. Hili ni fundisho dogo, lakini ndani yake mna imani aliyoishi nayo maisha yake yote, kwamba kila kitu kina kawaida yake, na kwamba mkono wenye hekima huifuata kawaida hiyo kabla ya kutaka kuibadili.

Tangu mwaka 1908 alikuwa mwalimu wa shule za watoto. Baadaye alisoma sanaa Berlin, Essen na München. Alipopata habari za chuo kipya katika mji wa Weimar aliacha yote aliyokuwa ameyakusanya, akaanza upya. Chuo hicho kiliitwa Bauhaus, nacho kilifunguliwa mwaka 1919 na msanifu majengo Walter Gropius. Shabaha yake ilikuwa kuuvunja ukuta uliomtenga msanii na fundi. Mchongaji, mfinyanzi, seremala, mfumi na mpaka rangi walitakiwa kukaa chini ya paa moja, na kila mwanafunzi apitie karakana kabla ya kuitwa bingwa.

Mlango wa kuingilia ulikuwa mafunzo ya awali yaliyoongozwa na Johannes Itten, mchoraji kutoka Uswisi. Itten hakuanza na kalamu. Aliwaamuru wanafunzi wapapase vitu kwa vidole: ubao na pamba, manyoya na bati, kilicho laini na kinachokwaruza, kisha waviweke pamoja katika kazi moja, ili tofauti zao zionekane. Mafunzo haya yalilingana na hali ya nchi. Ujerumani ilikuwa imetoka katika Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeshindwa, na fedha yake ilikuwa ikipungua thamani mwaka hadi mwaka. Kununua vifaa vipya kulikuwa taabu, bali takataka zilikuwa tele.

Baada ya mafunzo ya awali Albers alielekezwa kwenye karakana ya kupaka rangi za kuta. Yeye hakutaka. Kazi ya rangi za kuta alikuwa ameiona nyumbani tangu utotoni. Moyo wake ulikuwa katika vioo, kwa kuwa huko nyuma alikuwa amekwisha kutengeneza dirisha la vioo vya rangi kwa ajili ya kanisa moja la Bottrop. Kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, alikumbushwa zaidi ya mara moja kwamba mwanafunzi asiyefuata shauri la walimu hana nafasi ya kubaki. Hakuwa na fedha za kununua vioo, wala hakuwa na ruhusa ya kuvifanyia kazi. Basi akachukua shanta na nyundo, akaenda kwenye jaa la mji, akaanza kukusanya vigae vya chupa.

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima, na huenda mtu akamhukumu Albers kwa methali hiyo. Lakini yeye hakuchagua jembe zuri. Alilichagua lile lililovunjika, na shamba ambalo hakuna aliyemgombania. Vigae hivyo alivipanga juu ya bati la shaba au kati ya vyuma, akavishika kwa waya na risasi. Kazi moja ya mwaka 1921, iliyopewa jina la Rheinische Legende, bado inaonyesha vitako vya chupa vya mviringo vikiwa kando ya vipande visivyo na umbo maalumu, kijani kando ya hudhurungi. Katika kazi nyingine ya wakati huohuo, Gitterbild, aliuacha mpango wa vipande vya ovyo. Alitwaa vipande vya mraba, vya namna ile ambayo wauza vioo huwaonyesha wanunuzi kama sampuli, akavifunga kimoja kimoja kwa waya mwembamba wa shaba katika wavu wa chuma. Mwenye kuitazama huona kitu kinachofanana na kitambaa kilichofumwa kwa mwanga.

Hapa linazuka swali ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa. Je, ule ulikuwa ugunduzi, au ulikuwa umaskini tu uliopewa jina la heshima? Bila shaka umaskini ndio uliompeleka jaani. Lakini umaskini haukumwambia kigae kipi kikae kando ya kipi. Maskini wengi walipita mahali pale wasione ila uchafu. Jambo lililo kubwa zaidi ni namna ya kuunga. Mtengenezaji wa kawaida wa madirisha ya kanisa hutumia risasi kama mtumishi, nayo kazi yake ni kushika vioo ili picha ya mtakatifu ionekane. Albers hakuwa na picha ya kuonyesha. Waya wake ulikuwa kifungo na papo hapo ulikuwa mstari wa mchoro. Shaba ilikuwa mhimili na papo hapo ilikuwa rangi. Kiungo, ambacho fundi wengi hukificha kama aibu, yeye alikiweka mbele ya macho. Kioo kikajulikana kuwa kioo kwa sababu kilikaa na chuma, na chuma kikajulikana uzito wake kwa sababu kilishika kitu kipitishacho mwanga.

Siku ya kuonyesha kazi za wanafunzi ilipofika, Albers alitazamia kufukuzwa. Badala yake alipata barua ya kumtaka aiandae upya karakana ya vioo. Mwaka 1922 akawa fundi mwenye cheo, na mwaka 1923, Itten alipokwisha kuondoka, Gropius alimwita mwanafunzi huyu wa jana awafundishe wapya tabia za vitu na kazi za mikono.

Mafunzo yake yalitokana na jaa lile. Aliingia darasani na rundo la magazeti, akawaambia wanafunzi wayageuze yawe kitu kilicho bora kuliko yalivyokuwa, bila kupoteza karatasi, na ikiwezekana bila chombo chochote. Mwanafunzi mmoja wa Dessau, mahali chuo kilipohamia mwaka 1925, alisimulia baadaye jinsi wenzake walivyotengeneza ngome na merikebu za karatasi. Mwalimu alizitazama, akasema kwamba vitu kama hivyo vingeweza kutengenezwa kwa kitu kingine chochote. Kisha akaisifu kazi moja iliyoonekana si kitu: karatasi iliyokunjwa tu, ikasimama wima. Karatasi iliyolala ni dhaifu na upande wake mmoja hauonekani. Ikikunjwa husimama, na pande zote mbili hufanya kazi.

Mwenye kuyaeneza mafunzo hayo upande wa nyuzi alikuwa mkewe, Anni, aliyeingia Bauhaus mwaka 1922 na kuolewa naye mwaka 1925. Wanawake wengi chuoni walisukumwa kwenye ufumaji, wapende wasipende, naye alikuwa mmoja wao. Lakini alifanya kama mumewe alivyofanya kwa vigae. Kwa ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau alifuma kitambaa cha ukutani chenye pamba upande mmoja na selofani upande wa pili. Pamba ilimeza kelele, selofani ikarudisha mwanga. Vitu viwili visivyo na udugu viliunganishwa, na kila kimoja kikafanya kazi ambayo mwenzake asingeiweza.

Mwaka 1933 Bauhaus, ambayo wakati huo ilikuwa Berlin, ilifungwa kwa shindikizo la utawala wa Wanazi. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Albers na mkewe, ambaye alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, walifika Marekani kufundisha katika Black Mountain College, jimbo la North Carolina. Albers alikuwa hajui Kiingereza, lakini mafunzo yake yalihitaji mikono kuliko maneno. Huko majani makavu ya msituni yalichukua mahali pa vigae. Kati ya wanafunzi wake alikuwamo Ruth Asawa, binti wa wahamiaji Wajapani, ambaye wakati wa vita alikuwa amefungiwa kambini pamoja na jamaa zake. Mwaka 1947 alijifunza huko Toluca, Mexico, jinsi wenyeji wanavyosuka vikapu kwa waya, na kwa ufundi huo wa sokoni akatengeneza sanamu zinazoning'inia na kupitisha mwanga. Vitu vilibadilika, fundisho halikubadilika.

Madirisha makubwa ambayo Albers aliyatengenezea majengo ya Ujerumani, likiwamo la nyumba ya Sommerfeld mjini Berlin, yaliangamia katika Vita Kuu ya Pili. Kazi zile za vigae zilizosalia zimehifadhiwa, na Rheinische Legende imo katika Metropolitan Museum ya New York. Hapo pana dhihaka ya historia. Vioo vilivyonunuliwa kwa fedha na kujengwa katika kuta imara vilivunjika, na vile vilivyookotwa vikiwa vimevunjika vikadumu. Pengine sababu ni udogo wao, kwamba viliweza kubebwa. Lakini chuo chochote chenye mwanafunzi mkaidi na ghala tupu kinaweza kujiuliza kama kilichokosekana ni vifaa kweli, au ni jicho la kuviona pale vilipolala.