"Tuliandikia wizara, hatujajibiwa": somo la Ngome ya Yesu

1/ Mijadala ya siasa haiishi bila hii: "Ombi letu liko kwa waziri." Sawa, lakini liko kwa meza ya nani, na jibu ni lini? Twende Mombasa kidogo.

2/ Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu. Askari na chakula vya kuongeza vilikuwa vya kuombwa kwa wakubwa wa Wareno, Goa, India. Barua ilingoja kusi ili iende, msaada ukangoja kaskazi ili uje.

3/ Msaada ulikuja, tena zaidi ya mara moja. 1697 merikebu Santo António de Tanná iliyoleta msaada ilizama palepale mbele ya ngome. Ndani, maradhi yalikuwa yanamaliza watu.

4/ Desemba 13, 1698 ngome ikatekwa. Siku chache baadaye merikebu za Goa zikafika, zikakuta Waomani wako ndani.

5/ Kwa hivyo ombi linaweza kukubaliwa na bado likaua watu, kwa kuchelewa tu. Leo hatungoji upepo. Ukiambiwa "linashughulikiwa", uliza mambo matatu: nani analo, mwisho ni lini, na waziri asipojibu nani ana ruhusa ya kuamua?