Historia ya Kuupima Ugogo kwa Nyota

Chang'ombe ya Dodoma iko karibu nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya ikweta, na Nyota ya Kaskazini haionekani hapa. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Burton na Speke walikatiza Ugogo, yaani nchi hii ya Wagogo, kwa njia ya misafara ya Tabora, wakilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi. Mpimaji alikuwa Speke.

Baharini nyota hupimwa kutoka upeo wa bahari. Nchi kavu wapimaji walimimina zebaki kwenye sinia, wakaifunika kwa kioo upepo usiitikise, kisha wakaitazama nyota juu na taswira yake ndani ya zebaki kwa sekstanti moja, chombo cha kupimia pembe. Pembe hiyo hugawanywa kwa mbili. Nusu yake ndiyo kimo cha nyota. Nyota ikifika kileleni, kimo hicho na majedwali ya nyota vinatoa umbali wako toka ikweta, na kosa la dakika moja ya pembe halizidi kilomita 2.

Kazi ngumu ilikuwa mashariki na magharibi, maana huko nyota hazitoshi bila saa. Jua la Chang'ombe limelitangulia la Greenwich, Uingereza, zinakoanzia nyuzi za mashariki na magharibi, kwa saa 2 na dakika 23. Saa yako ikikosea dakika moja, umejiweka karibu kilomita 28 pembeni. Saa za Burton na Speke ziliharibika njiani, ikabaki kupima mwachano wa mwezi na nyota ili kupata saa ya Greenwich, hesabu ya kuumiza kichwa. Mwingereza mwingine, Cameron, naye alipita Ugogo mwaka 1873, akatokea pwani ya Atlantiki 1875. Mwafrika Sidi Mubarak Bombay alitumikia misafara yote miwili. Kwangu mimi, ramani iliyotokana na safari hizo ni yake pia.

Baada ya nyota zikaja pembetatu: mwaka 1931 hadi 1933 Mwingereza Martin Hotine aliongoza upimaji wa mnyororo wa pembetatu magharibi mwa Tanganyika, karibu na nyuzi 30 mashariki. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, ambao ramani nyingi za nchi zilichorwa juu yake.

Leo mpimaji husimamisha kipokezi cha setilaiti, lakini kiini bado ni saa: kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni kosa la sentimita 30 katika umbali wa setilaiti. Basi wewe mwenye kiwanja Chang'ombe, ukijenga ukuta usiing'oe bikoni, alama ya mpaka iliyowekwa na mpimaji. Ikishahama, ugomvi na jirani unaanza.