Bleem! Yarudi Kupitia Flashi

Desemba 3, 2018, Sony ilitoa PlayStation Classic: kijimashine cha kijivu kinachoenea kiganjani, gemu 20 ndani, pedi mbili, dola 99.99. Tarehe hiyo haikuokotwa barabarani. PlayStation ya kwanza iliingia madukani Japani siku kama hiyo mwaka 1994. Lakini waliofungua ukurasa wa leseni kwenye menyu walikuta jina la kushangaza: PCSX ReARMed. Ni emuleta, yaani programu inayoifanya mashine moja ijifanye nyingine, na si kazi ya Sony. Iliandikwa na wapenzi wa gemu, ikagawiwa bure.

Utamu wa kisa hiki uko mwaka 1999. Kampuni mbili za Marekani ziliuza emuleta za PlayStation: Connectix, kwa kompyuta za Macintosh, na Bleem, ya mabwana wawili, Randy Linden na David Herpolsheimer, kwa Windows. Sony ikazishitaki zote. Februari 2000 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba Connectix haikukosea kunakili programu ya Sony ili kuichunguza na kuunda kitu chake. Sony ikashindwa, ila mwaka uliofuata ikainunua emuleta hiyo na kuizima. Bleem haikuangushwa na hakimu. Iliangushwa na ankara za mawakili, ikafunga 2001.

Tukirudi 2018, siku chache tu baada ya Classic kutoka, watu walichomeka kibodi kwenye tundu la pedi, wakabonyeza Esc, na menyu iliyofichwa ya emuleta ikafunguka. Si kila kibodi ilikubali. Kisha ikagundulika kwamba ufunguo wa kulinda mfumo umeachwa ndani ya mashine yenyewe. Umefunga nyumba, ufunguo umeuning'iniza kwenye kitasa! Kabla mwezi haujaisha ikatoka programu ya kuongeza gemu kwa flashi, iitwayo BleemSync. Jina hilo halihitaji mkalimani.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: flashi inaformatiwa kwa FAT32, inapewa jina SONY, inawekewa BleemSync, inachomekwa kwenye tundu la pedi ya pili, kisha unawasha. Flashi inayokula umeme mwingi mashine iliikataa. Baadaye ikaongezwa RetroArch, kapu lenye emuleta za mashine chungu nzima, na kifaa cha Sony kikaanza kucheza gemu za Nintendo na Sega.

Uchu wa mchezo ulichangia udukuzi huo, lakini Sony nayo ilijitakia. Gemu 9 kati ya zile 20 zilikuwa matoleo ya Ulaya, ya picha 50 kwa sekunde badala ya 60, kwa mujibu wa televisheni za PAL, zilizotumika hata kwetu. Tekken 3 ilikuwa mojawapo. Aliyezoea toleo la Marekani aliona ngumi zinachelewa. Kwa flashi, mwenye diski yake aliweza kuweka nakala ya toleo alilolipenda. Kupakua gemu za watu mtandaoni ni kesi nyingine, na hukumu ya Connectix haiigusi.

Mwaka haujaisha bei ya Classic ikashuka hadi dola 60, na Februari 2019 ikawa 40. Ukikutana nayo mitumbani leo, hakikisha pedi zote mbili na waya wa HDMI vipo. Adapta ya umeme usiiulizie. Haikuwemo hata kwenye boksi jipya.