Pindo la Rangi Pichani

Msomaji, ukiisha kuvuka kivuko cha Likoni, simama mbali kidogo na gati, uelekeze kamera yako kwenye mnazi uliosimama mbele ya mbingu nyeupe. Kisha ikuze picha hiyo. Kando ya makuti utaona ukingo mwembamba wa zambarau, mfano wa pindo la leso, nao mnazi hauna rangi hiyo. Hali kadhalika kengele ya Frere Town pale Kengeleni, Kisauni, ukumbusho wa makazi ya watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Ikiwa pembeni mwa picha, huweza kupata wekundu upande mmoja na usamawati upande wa pili.

Kosa hili ni kongwe kuliko picha zenyewe. Nuru nyeupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi, na kila rangi hupinda kwa kadiri yake ipitapo katika kioo: urujuani hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo. Kwa hiyo lenzi moja peke yake haiwezi kuzikutanisha zote mahali pamoja. Isaac Newton wa Uingereza aliona kuwa kosa hilo halina dawa, na mwaka 1668 akatengeneza darubini itumiayo kioo kinachorudisha nuru. Jina lake lilikuwa kubwa, basi wengi wakalishika neno lake bila ya kulipima.

Aliyelipima ni mwanasheria mmoja, Chester Moor Hall. Alitambua kwamba kioo cha kawaida na kioo chenye madini ya risasi havitawanyi rangi kwa kadiri moja. Lenzi mbili za vioo hivyo, moja ya mbinuko na moja ya mbonyeo, zikiunganishwa, kosa la moja laweza kufuta kosa la nyingine. Yasimuliwa kwamba, karibu na mwaka 1733, ili siri isivuje, aliagiza lenzi moja kwa fundi huyu na ya pili kwa fundi yule. Mafundi hao, kila mmoja kwa wakati wake, wakampa kazi fundi wa tatu, George Bass! Naye akazioanisha lenzi zote mbili, akaitambua siri.

Hall hakutangaza jambo lake. Hati ya uvumbuzi ilipewa John Dollond mwaka 1758, mtu aliyekuwa mfumaji wa hariri kabla ya kugeukia vioo. Baadaye mafundi wengine walidai mahakamani kwamba Hall alitangulia, wakashindwa, kwani aliuficha uvumbuzi wake. Wapo wasemao Hall alidhulumiwa. Mimi naona alijidhulumu mwenyewe.

Upigaji picha ulipotangazwa mwaka 1839, lenzi za namna hiyo zilikuwa tayari, nazo zikapunguza kosa pasipo kulimaliza.

Kamera ya leo huandika picha kwa tabaka tatu: nyekundu, kijani na buluu. Pindo la kengele hutokea kwa kuwa tabaka moja ni kubwa kidogo kuliko jingine. Programu hulipunguza au hulipanua mpaka yalingane, na rangi ya uongo hutoweka. Pindo la mnazi ni gumu zaidi, kwani hapo rangi hazikutani kwenye kina kimoja. Dawa yake bora ni kupunguza tundu la lenzi wakati wa kupiga. Ukichelewa, huna budi kuiamuru programu itafute zambarau na kuipausha.

Hapo uwe na hadhari, kwa maana programu haijui pindo la uongo na pindo la kweli. Niliwahi kusafisha picha ya harusi iliyopigwa Changamwe. Nikafurahi kuona makuti yametakata. Kisha nikatazama chini ya mnazi, na leso ya shangazi yake bibi arusi, iliyokuwa ya zambarau, imekuwa ya kijivu kama jivu la jikoni. Ikanibidi kuanza upya, nikiyachagua makuti peke yake, kuti kwa kuti.