Historia ya Kiyoyozi na Mabomba Yake

Ukipita katika barabara za Mombasa wakati wa adhuhuri, inua macho uzitazame kuta za majumba. Utaona masanduku ya bati yaliyotundikwa juu ya vyuma, kila moja lina feni yake, na kutoka kwake mabomba mawili ya shaba nyekundu, yaliyovikwa sponji, yanapenya ukutani. Simama karibu, nawe utapigwa na upepo wa moto. Waliomo ndani wanaona baridi. Wewe uliye nje waona hari. Je, msomaji, umepata kujiuliza kwa nini chombo cha kuleta baridi hutoa joto? Fahamu ya kuwa kiyoyozi hakiumbi baridi. Kazi yake ni kulihamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje.

Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Mtungi wa udongo hutoka jasho, na jasho hilo likigeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki, yakawa ya baridi. Mwaka 1756 William Cullen, tabibu wa Uskoti, alitangaza jinsi alivyovuta hewa kwa pampu katika chombo chenye etha. Etha ikachemka bila moto, ikaleta baridi kali. Walakini mvuke wake ulipotea bure. Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekaa London, alipewa hati ya uvumbuzi wa mtambo usiopoteza kitu: mvuke ulikusanywa, ukashindiliwa, ukarudi kuwa maji, ukatumika tena na tena.

Mabomba mawili uyaonayo ukutani ni watumishi wa wazo hilo. Bomba jembamba hupeleka kiowevu ndani ya nyumba. Kiowevu hugeuka mvuke na kubeba joto la chumba. Bomba nene huurudisha mvuke nje, ambako kompresa huushindilia na feni hulifukuza joto lake. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wa kutawala hewa ya kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn, Marekani, kwa kuwa unyevu ulivimbisha karatasi na rangi hazikukaa mahali pake. Hivyo mtambo huo ulihudumia karatasi kabla ya kumstarehesha mwanadamu.

Lakini ndani ya mabomba ya zamani mlikuwa na hatari. Vitu vilivyotumika, kama vile amonia na salfa dioksidi, vilikuwa sumu, na bomba lilipovuja watu waliweza kufa katika nyumba zao. Ndipo mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walipopata gesi mpya isiyo sumu wala haishiki moto. Mwaka 1930 aliivuta mbele ya wanakemia, kisha akaipuliza na kuzima mshumaa. Watu wakaona kwamba shida imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za namna hiyo zikitoroka haziharibiki upesi. Hupanda juu sana, jua huzivunja, na klorini iliyomo hula ozoni, ile ngao itukingayo na miali inayodhuru ngozi na macho. Mwaka 1985 wataalamu Waingereza walitangaza kwamba ozoni imepungua mno juu ya Antaktika, na mwaka 1987 mataifa yakapatana huko Montreal kuzipunguza gesi hizo. Nyingine zilishika nafasi yake, zisizodhuru ozoni. Lakini baadhi yake hulinasa joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana tena, safari hii Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza nazo.

Tazama basi, msomaji: katika historia hii yote, gesi iliyotulia ndani ya bomba haikumwua mtu wala haikutoboa ngao ya mbingu. Madhara yalitoka kwa gesi iliyotoroka. Kwa sababu hiyo kazi ya fundi ni kubwa kuliko ionekanavyo. Fundi mwema hukata bomba sawasawa, huisafisha ncha, huipanua kwa kifaa chake, na huikaza nati kwa kadiri. Hujaza naitrojeni akaitazama saa ya kanieneo kama mshale wake unashuka. Kisha huvuta hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo afunguapo gesi. Na akiondoa kiyoyozi kikuukuu, huivutia gesi yake katika mtungi wa chuma, haiachilii hewani.

Fundi mvivu huziruka hatua hizo. Siku hiyo chumba hupoa vile vile, mwenye nyumba hufurahi na kulipa, wala hakuna ajuaye isipokuwa fundi mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ukuta wa mbinguni ukibomoka, hapana mwashi awezaye kupanda kuujenga. Huenda kesho kazi hii ikawa yako. Uifanye vema, hata pale ambapo hakuna akuonaye.