Kitanda cha Daktari Mwanagenzi

Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889 katika mji wa Baltimore, Marekani, madaktari vijana waliokuja kujifunza kazi chini ya mabingwa walipewa vyumba humo humo ndani. Walilala hospitalini, walikula hospitalini, na mgonjwa alipozidiwa usiku waliamshwa papo hapo. Ndipo wakaitwa wakazi. Jina hilo lingali linatumika Marekani kwa daktari mwanagenzi, ingawa siku hizi aghalabu ana nyumba yake mjini. Jina limedumu kuliko chumba.

Wako wanaoyataja malazi hayo kama hisani. Hisani ilikuwamo, walakini haikuwa peke yake. Chumba na chakula vilikuwa badala ya mshahara, na alalaye chini ya dari ya mwajiri wake hana saa awezayo kuiita yake. Ndoa ilihesabiwa kuwa kizuizi cha kazi. William Halsted, mkuu wa upasuaji, hakumwekea mwanagenzi mwisho wa utumishi. Alipoueleza utaratibu wake mwaka 1904, alitaja wastani wa miaka sita ya usaidizi na miwili ya kuwa mpasuaji mkazi. Yeye mwenyewe hakufungwa na dari hiyo. Alikuwa na shamba lake Carolina ya Kaskazini, na wakati wa kiangazi alikaa mbali na hospitali miezi kadhaa, huku wodi zikiendeshwa na vijana waliolala pale. Tena alikuwa mtumwa wa kokeini, kisha wa mofini. Habari za mofini ziliandikwa kwa siri na mwenzake, William Osler, katika waraka uliokuja kufunguliwa mwaka 1969. Si haki kudai kuwa dawa hizo ndizo zilizouzaa utaratibu wake, lakini ni vema ikumbukwe kwamba aliyeuweka hakuuonja kama walivyouonja wanafunzi wake.

Uingereza nayo ilikuwa na desturi hiyo, na mwanagenzi huko aliitwa daktari wa nyumba, nyumba yenyewe ikiwa ndiyo hospitali. Kabla ya Huduma ya Afya ya Taifa kuanzishwa mwaka 1948, katika baadhi ya hospitali mashuhuri hakulipwa hata peni moja. Chumba, chakula na heshima ya mahali vilidhaniwa kumtosha. Sheria ya mwaka 1950 ikaigeuza desturi kuwa faradhi. Tangu mwaka 1953 hapana aliyeandikishwa kuwa daktari kamili ila baada ya mwaka mmoja wa utumishi wa ukazi. Na kwa kuwa sheria ndiyo iliyomlazimisha kulala pale, hakutozwa kodi ya chumba. Mshahara ulikuwapo sasa, lakini saa za ziada zililipwa chini ya nusu ya kiwango cha kawaida, hata saa ya usiku ikawa rahisi kuliko saa ya mchana. Mapatano ya mwaka 1991 ndiyo yaliyoanza kuzipunguza saa hizo na kutaka malazi na chakula viwe vya kumfaa mtu.

Kisha kitanda kikafikishwa mahakamani. Norbert Jaeger, daktari wa hospitali ya mji wa Kiel, Ujerumani, alipewa chumba chenye kitanda, naye aliruhusiwa kulala wakati wa zamu ikiwa hapana kazi. Je, aliyelala anapumzika au anafanya kazi? Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilihukumu kwamba anayelazimika kuwapo hospitalini yu kazini, hata akiwa usingizini. Hukumu ilikuwa ya haki, na matokeo yake yalikuwa machungu. Usingizi ulipokuwa na bei, hospitali nyingi ziliziacha zamu za kulala, zikaweka zamu za kukesha, na vitanda vikaondolewa. Uingereza iliifuta sharti ya ukazi, na kufikia mwaka 2008 chumba cha bure cha mwanagenzi kilikuwa kimekwisha. Akatoka kifungoni, akaingia barabarani. Katika uchunguzi wa wanagenzi wa nusukaputi nchini humo, uliochapishwa mwaka 2017, 57 katika kila 100 walisema wamepata ajali au wameponea chupuchupu wakirejea nyumbani baada ya zamu ya usiku.

Afrika Mashariki iliupokea mwaka huo wa utumishi kutoka kwa Waingereza, na Tanzania mwanagenzi huitwa mtarajali. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulianzia kwa watarajali wa Muhimbili waliocheleweshewa posho zao. Ulipoenea, miongoni mwa madai lilikuwamo hili: madaktari wapewe nyumba, au wapewe posho ya nyumba. Wako waliolisikia kama dai la anasa. Lakini daktari aitwaye saa nane za usiku, naye amepanga chumba pembezoni mwa Dar es Salaam, hana daladala ya kumfikisha wodini.